UZI: Kuchanika, fistula na kizazi kushuka. Yanayotupata leba na yanayozuilika (Lamu, visiwani, Malindi)

#1 Mkunga_Amu (mwanzisha uzi)

Asalam aleikum, hamjambo nyote.

Mimi ni nesi mkunga. Nimefanya kazi leba za Mombasa na Malindi, na sasa niko zahanati ya kisiwani huku Lamu. Chumba cha kuzalishia ni kimoja, dirisha lake limeelekea mikoko. Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo nililolisoma kwenye grupu la WhatsApp la akina mama. Dada mmoja aliuliza kama ni kawaida mkojo kumtoka wenyewe mchana na usiku tangu ajifungue. Akajibiwa "ndiyo uzazi huo, utazoea". Mwingine akamshauri apunguze kunywa maji. Mwingine tena akampa namba ya mganga.

Dada yangu kama unapita humu: si kawaida, usikubali kuzoea, na tiba ipo.

Naanza na kuchanika, maana ndiko kunakoogopwa sana kwenye maswali ya kliniki. Wengi wanaozaa kwa njia ya kawaida mara ya kwanza huchanika kwa kiasi fulani. Sisi tunahesabu daraja nne. La kwanza ni ngozi tu. La pili limeingia kwenye misuli ya msamba, pale baina ya uke na njia ya haja kubwa. Haya mawili ndiyo mengi; hushonwa pale pale leba kwa ganzi, nyuzi huyeyuka zenyewe, na mama hupona. La tatu limekata msuli wa duara unaofunga njia ya haja kubwa. La nne limepita mpaka kwenye utumbo wenyewe. Haya mawili ya mwisho hayashonwi kwa mwanga wa simu. Yanataka chumba cha upasuaji, taa, ganzi ya kutosha na mtu anayejua kuutafuta ule msuli uliokatika na kuuunganisha. Msuli ukiachwa, mama anabaki hazuii upepo, na wengine hawazuii haja.

Linaloniudhi kuliko yote ni daraja la tatu lililoshonwa kama la pili. Nje pamefungwa vizuri, ndani msuli umeachwa wazi. Ndiyo maana mkunga akishamaliza kukuzalisha hukukagua, na ukaguzi kamili ni pamoja na kuingiza kidole njia ya haja kubwa. Najua ni aibu, umechoka, unataka tu upewe mtoto wako. Vumilia dakika hiyo moja.

Sasa fistula, wengine huiita nasuri: ni tundu baina ya uke na kibofu, au baina ya uke na njia ya haja kubwa. Kichwa cha mtoto kikikwama nyongani, kibofu cha mkojo kinabanwa baina ya kichwa na mfupa wa mbele. Damu haipiti. Nyama iliyokosa damu kwa saa nyingi hufa, na baada ya siku chache, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya kumi, hudondoka na kuacha tundu. Kwa hiyo mama anaweza kutoka hospitali mkavu kabisa, akafika nyumbani, akafungwa mkaja, akapikiwa uji wa pilipili manga, halafu siku ya tano akaamka godoro limerowa. Hapo ndipo majini yanaposingiziwa, kwa kuwa leba imeshasahauliwa. Tundu likiwa upande wa nyuma, kinachopita ukeni ni haja kubwa. Na wengi wa hawa, mtoto naye hawakumpata.

Kwa nini huku kwetu? Nikiambiwa nitaje sababu moja tu, nitasema saa. Uchungu umeanza Alhamisi magharibi. Mama mkwe anasema mimba ya kwanza huchelewa, mwacheni. Ijumaa asubuhi mwenye kutoa ruhusa yuko baharini na simu haishiki. Mkunga wa mtaani anamwambia asukume, na njia bado haijafunguka. Alasiri inatafutwa boti. Boti ipo, petroli haipo. Wanafika kwangu usiku, mama midomo imekauka, hajakojoa tangu asubuhi, na mimi sina chumba cha upasuaji, kwa hiyo safari inaanza upya kuelekea Amu, Lamu mjini. Na katika wote hao hakuna aliyemtakia mabaya.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa 2018 linahesabu uchungu uliokolea kuanzia njia ikifunguka kufika sentimita 5. Kutoka hapo, kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa mzazi wa kwanza na saa 10 kwa aliyewahi kuzaa. Kusukuma nako kuna mwisho: saa 3 kwa wa kwanza, saa 2 kwa wengine. Ukivuka hapo ukiwa mahali pasipo na upasuaji, umeshachelewa.

Ulizeni. Nitajibu nikitoka zamu.

#2 bint_Maweni

Shukran sana Bi Mkunga. Mimi niko Malindi, wiki ya 33, mimba ya kwanza, na nimesoma huku nimebana miguu 😅. Maswali yangu: (a) ni kweli hospitalini kila mzazi wa kwanza lazima akatwe, ile "kuongezewa njia"? (b) kujipaka mafuta ya nazi kunasaidia kutochanika au ni hadithi za somo (kungwi) wangu? (c) nikisikia uchungu nikae nyumbani mpaka lini?

#3 Baba_wa_Shela

Nimeingia kwa kukosea nikidhani ni uzi wa samaki. Nasoma lakini. Endeleeni.

#4 Mkunga_Amu

bint_Maweni, mwanangu, maswali mazuri.

(a) Hapana. Zamani tulifundishwa kumkata kila mzazi wa kwanza, tukiamini mkato ulionyooka ni bora kuliko mchaniko. Utafiti ukaonyesha vingine, na WHO sasa haishauri kukata kama desturi. Kuna wakati mkato unahitajika kweli, kwa mfano mtoto amechoka na lazima atoke sasa hivi, au anavutwa kwa kifaa. Wakitaka kukukata wakuambie sababu na wakupige ganzi kwanza.

(b) Somo wako hakukosea. Kuanzia wiki ya 34 au 35, kuusugua msamba kwa mafuta safi kunapunguza michaniko ya kushonwa kwa wanaozaa mara ya kwanza. Nawa mikono, kata kucha, ingiza kidole gumba kama sentimita tatu hivi, bonyeza kuelekea chini na pembeni mpaka usikie mvuto, tulia hapo, pumua, achia. Mara moja au mbili kwa wiki yatosha. Mafuta ya nazi ya kukamuliwa nyumbani yawe masafi, si yale ya chupa iliyokaa wazi jikoni. Kama una maambukizi ukeni au umeambiwa kondo limeshuka njiani, acha.

Pale pale leba kuna mengine matatu ninayoyaamini kwa macho yangu na kwa tafiti pia. Kitambaa safi kilichochovywa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kikiwekwa msambani wakati wa kusukuma, hupunguza michaniko mikubwa. Mkono wa mkunga ukiushika msamba na kukizuia kichwa kisichomoke kwa kishindo. Na wewe mwenyewe: kichwa kinapochungulia na unahisi moto kama umekalia pilipili, utaambiwa "usisukume, hema". Hema kwelikweli. Dakika hiyo ndiyo inayoamua ni daraja gani. Mkao nao: kulala chali miguu juu si sheria. Omba kulala ubavu, au kupiga magoti ukishika kitanda.

Kila saa mbili hivi ukojoe. Kibofu kilichojaa kinamzuia mtoto kushuka, na kikibanwa kikiwa kimejaa huumia zaidi.

(c) Uko Malindi mjini, hospitali ni safari ya tuktuk. Uchungu ukija kila dakika tano na unadumu kama dakika moja, nenda. Chupa ikipasuka, damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, au kichwa kikikuuma na macho yakaona ukungu, usisubiri uchungu wowote. Wa visiwani hesabu yao ni nyingine kabisa, nitaisema.

#5 Mjukuu_wa_Siyu

Bi Mkunga nakuheshimu lakini niruhusu. Bibi yangu amezalisha nusu ya Siyu. Hakuwa na taa wala ganzi, na wanawake walizaa wakichuchumaa wameshika kamba ya darini, wakasimama wakaoga. Leo mnawalaza chali kama samaki mnadani halafu mnashangaa wanachanika. Na hii lugha ya "mkunga wa mtaani alimwambia asukume", kwani hospitalini hawaambiwi?

#6 Mkunga_Amu

Mjukuu_wa_Siyu, nusu ya maneno yako nayabeba. Kuchuchumaa na kushika kamba, bibi alikuwa na haki, na vitabu vyetu vimechelewa kumfuata. Kumkanda mgongo mwenye uchungu, kumshika mkono usiku kucha, kumwambia maneno mazuri: WHO yenyewe leo inasema kila mzazi awe na mwenzake wa kumchagua leba. Bibi alilijua hilo bila semina.

Nusu nyingine siwezi. Waliozaa wakasimama wakaoga ndio unaowakumbuka kwa sababu wamebaki kusimulia. Kuna nyumba Siyu, na Pate, na Faza, ambako kuna mtu alifungiwa chumba cha uani akaitwa mchafu mpaka akafa, na sababu haikutajwa. Bibi hakuwa na namna ya kumtoa mtoto aliyekwama. Hakuna mkono duniani unaoweza kupanua mfupa. Kosa si lake.

Vitu viwili nawaomba wakunga wa jadi waviache moja kwa moja. Dawa za miti za kuongeza uchungu, kwa sababu hakuna anayejua kipimo chake, na kizazi kinachosukuma dhidi ya njia iliyofungwa kinaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa. Na kusukuma kabla njia haijatimia sentimita 10. Kazi yao mpya, ambayo wengine wanaifanya vizuri sana huku, ni kumleta mama mapema na kukaa naye.

Na ndiyo, hospitalini pia kuna wanaomwambia mama asukume mapema. Sikatai.

#7 Fundi_Dau

Mke wangu leba (sitaji wapi) nesi alimpandia tumbo. Si mfano, alipanda kitandani akamkandamiza kwa viwiko mtoto atoke. Alichanika vibaya, mpaka leo akipiga chafya anakimbia msalani. Kwa hiyo mnatuambia twende hospitali tukafanyiwe hayo?

#8 Mkunga_Amu

Fundi_Dau, pole sana kwa mkeo. Kukandamiza tumbo ili mtoto atoke WHO haikushauri, imeandikwa wazi kwenye mwongozo ule ule wa 2018. Kunaleta michaniko mikubwa na kunaweza kuumiza kizazi na mtoto. Wanaofanya hivyo mara nyingi wamechoka, wako peke yao zamu nzima na wanaogopa mtoto kufa. Nayaelewa yote hayo, na bado ni makosa. Mna haki ya kulalamika kwa msimamizi wa hospitali kwa maandishi.

Hata upasuaji una hatari zake: kibofu au mrija wa mkojo ukikatwa kwa bahati mbaya wakati wa kumtoa mtoto au kuondoa kizazi, fistula hupatikana hapo pia. Hospitali kuwa na jengo hakutoshi.

Lakini kuna kitu cha kuuliza ukifika na mgonjwa wako, nacho kinaniondolea usingizi kisipofanywa: "Mmemwandikia chati ya uchungu?" Ni karatasi ambayo tunachora kila baada ya muda njia imefunguka kiasi gani, kichwa kimeshuka wapi, mapigo ya moyo ya mtoto, mkojo wa mama. Ile ya zamani ilikuwa na mistari miwili ya mshazari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ikitofautiana saa nne. Uchungu ukienda taratibu, nukta zako zinavuka mstari wa kwanza, na aliye zahanati anajua aite boti sasa, si kesho. Mistari hiyo waliibuni Philpott na Castle mwaka 1972 huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, hasa kwa ajili ya wakunga wa vituo vya mbali na hospitali kubwa. Yaani kwa ajili ya watu kama mimi. Mwaka 2020 WHO ilitoa karatasi mpya yenye hesabu za sasa. Iwe ya zamani au mpya, karatasi iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa ili faili lipendeze haimsaidii mtu, na nimeziona nyingi za namna hiyo.

Kuhusu chafya: hiyo si fistula, ni misuli ya nyonga iliyolegea au kuumia. Nitairudia chini, mwambie asikate tamaa.

#9 Nahodha_Kizingitini

Niongeze la bahari, maana madaktari husahau. Sisi huku saa ya kutoka haipangwi na uchungu, inapangwa na maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakipwa, mlango wa Mkanda, njia yetu ya boti kwenda Amu, haupitiki na boti iliyojaa watu. Mtakaa kwenye tope mnatazama mikoko mpaka maji yajae tena. Kuzunguka nje bahari kuu wakati wa kusi na mama mwenye uchungu ndani ya boti, mimi nimekwenda, sitamani kurudia. Kwa hiyo mwenye mke mjamzito ajue kalenda ya mwezi. Akifikisha miezi tisa na bamvua linakuja, asilale Kizingitini.

Na petroli. Nunua dumu, liweke kwa mtu unayemwamini, siyo kwa shemeji mwenye pikipiki.

#10 Mkunga_Amu

Nahodha umesema yote. Hesabu ya visiwani niliyoahidi ndiyo hii: mzazi wa kwanza, aliyewahi kupasuliwa, aliyewahi kupoteza mtoto leba, mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyekaa matako, au binti mdogo ambaye nyonga yake haijakomaa, wasingojee uchungu wakiwa Kizingitini, Ndau, Kiwayu wala Kiunga. Wiki mbili tatu kabla ya tarehe, nenda Amu ukakae kwa jamaa. Nani huku hana shangazi Langoni au Mkomani? Walio upande wa bara wenye Mpeketoni karibu, vivyo hivyo.

Na mambo mawili yaamuliwe mapema, mbele ya mama mkwe: nani anaamua kuondoka kama mume hapatikani, na pesa za boti ziko wapi. Mwanamke mtu mzima kisheria anaweka sahihi yake mwenyewe ya upasuaji. Haisubiriwi sahihi ya mume aliye baharini na jarife, nyavu zake.

#11 CHP_Magarini

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Magarini, tunatembea nyumba kwa nyumba. Naunga mkono. Kwetu hakuna bahari ila kuna mvua na barabara ya Marafa. Pia hawa wasichana wetu, wa darasa la saba, la nane. Wanaficha mimba mpaka mwezi wa saba, kliniki ya kwanza wanaenda wameshachelewa. Tusipowatukana wanakuja, tukiwatukana wanazaa kichakani. Ni hivyo tu.

La mwisho: jiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, ukiwa mzima, piga *147#. Usingoje uko leba ndio unatafuta kitambulisho.

#12 mzaliwa_Witu

Mbona hamgusi tohara ya wasichana? Huku kwetu kuna wanaokatwa na kushonwa.

#13 Mkunga_Amu

Umefanya vizuri kuikumbusha. Aliyeshonwa ana kovu lisilonyumbuka, na kovu halipanuki kama ngozi. Au linachanika ovyo, au lazima lifunguliwe kwa kisu. Mwaka 2006 WHO ilichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliokeketwa walipata zaidi upasuaji, kutokwa damu nyingi, kukatwa njia na hata kupoteza watoto, na kadiri ukeketaji ulivyokuwa mkubwa ndivyo hatari ilivyozidi. Sheria ya Kenya imeupiga marufuku tangu 2011. Kwa aliyekwisha fanyiwa: mwambie mkunga mapema kliniki, kovu linaweza kufunguliwa kwa utaratibu kabla ya uchungu au wakati wake. Na baada ya kuzaa hashonwi tena kurudishwa kama alivyokuwa, hata familia ikiomba. Mimi huombwa. Hukataa.

#14 siri_yangu

Nimejiunga leo tu kwa sababu ya uzi huu. Nina hali hiyo ya mkojo. Ni miaka sasa. Mtoto hakuishi. Nilipasuliwa kumtoa lakini nilikuwa nimekaa nyumbani sana kabla. Natumia vitambaa vya leso kuukuu, nafua usiku watu wasione. Harusini siendi. Kilichoniuma zaidi niliambiwa sala zangu hazikubaliwi kwa kuwa sina twahara, yaani usafi wa ibada, nikaacha kusali. Pia mguu wangu wa kulia unakokota, sijui kama vinahusiana. Naomba msiniulize niko wapi.

#15 Baba_wa_Shela

Dada, subhanallah. Pole. Hakuna atakayekuuliza.

#16 Mkunga_Amu

siri_yangu, ahsante kwa kuandika. Nakujibu moja moja.

Mguu unahusiana. Mishipa ya fahamu inayopita nyongani ilibanwa na kichwa kile kile. Wengi hupata nafuu kwa muda na mazoezi. Mwambie daktari wakati mmoja na la mkojo.

Sala: mimi si sheikh, ila hili linajulikana hata madrasa. Mwenye mkojo usiozuilika ana hukumu ya mwenye udhuru: anajisafisha, anajifunga kitambaa, anatawadha wakati wa sala ukiingia, anasali, na sala yake ni sahihi hata ukimtoka humo humo. Muulize mwalimu yeyote mwenye elimu, utaambiwa hivyo. Aliyekwambia uache alikuongezea jeraha.

Maji: kunywa, na kunywa mengi. Ukinywa kidogo mkojo unakuwa mkali, harufu inazidi na ngozi ya mapaja inachomeka, na kibofu kinaweza kufanya mawe. Jipake mafuta mazito, vaselini ya kawaida, baada ya kuoga, yakinge ngozi.

Tiba: daktari ataanza kwa kuthibitisha tundu liko wapi. Kipimo kimoja ni kutia maji ya rangi ya buluu kwenye kibofu na kutazama pamba ukeni kama inabadilika rangi. Kisha upasuaji, mara nyingi kupitia ukeni bila kukata tumbo. Wengi hufungika kwa mara ya kwanza, hata wa miaka mingi, wachache hurudiwa. Utakaa na mpira wa mkojo kama wiki mbili, utajizuia na tendo la ndoa kama miezi mitatu, na ukijaliwa mimba tena utazaa kwa upasuaji, siku iliyopangwa.

Wapi: mwombe daktari wa wanawake Malindi au Hospitali Kuu ya Pwani kule Mombasa akuandikie rufaa. Gynocare ya Eldoret inajulikana nchi nzima kwa kazi hii, na Amref imekuwa ikipeleka madaktari wa fistula hospitali mbalimbali kwa miaka. Kambi za upasuaji wa bure hutangazwa redioni, hasa ikikaribia tarehe 23 Mei, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa fistula tangu 2013. Huko utakuta wodi nzima ya wanawake wenye hali yako. Usidhani uko peke yako, WHO inakadiria wanaopata fistula ni kati ya 50,000 na 100,000 kila mwaka duniani. Nimekuachia ujumbe wa faragha. Safari nitakupangia na mtu wa kwenda nawe.

Kwa wengine mnaosoma: mama aliyekaa sana na uchungu uliokwama asitolewe mpira wa mkojo haraka. Kwa kawaida huachiwa kama wiki mbili kibofu kipumzike. Na tundu dogo likigunduliwa likiwa bado jipya, mpira wa wiki nne hadi sita unaweza kulifunga bila kisu. Kwa hiyo akilalamika kulowa siku ya tano, siku ya sita awe hospitali. Arubaini haivunjiki kwa kwenda kwa daktari.

#17 Mama_Kipungani

Mimi nimezaa saba. Kuna kitu kinashuka ukeni nikibeba maji, jioni nakisikia kama yai. Nikilala kinarudi. Ndiyo hiyo kizazi kushuka?

#18 Mkunga_Amu

Ndiyo mama, yaelekea, au ni ukuta wa kibofu unaoshuka, atakayekupima atajua. Haui, lakini usikae nao. Kikishuka kidogo mazoezi hufaa, kikishuka zaidi kuna pete ya mpira inayowekwa ukeni kushikilia, na mwisho upasuaji. Dumu la lita 20 muachie kijana. Kikohozi kitibiwe, na choo kigumu usikisukume.

Mazoezi haya ni kwa wote, hata mke wa Fundi_Dau. Kaza kama unayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, hesabu mpaka tano, achia, pumzika, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Ukizoea fika kumi. Tumbo na matako yasikaze, pumzi usiizuie. Usifanyie mazoezi msalani ukiwa unakojoa, hiyo inaharibu. Inataka miezi, si siku. Wazee walituambia "jifunge mkaja". Mkaja hushika tumbo, misuli hii haifikii.

#19 Baba_wa_Shela

Swali la wanaume, msicheke. Mke wangu alishonwa. Arubaini imekwisha, yeye anaogopa. Tufanyeje?

#20 Mkunga_Amu

Hatucheki. Mchaniko mdogo wiki sita hutosha kwa wengi, mkubwa huchukua zaidi. Arubaini ni ruhusa, si amri. Anayenyonyesha pia uke hukauka, kwa hiyo subira na kilainishi. Akiwa bado anaumia baada ya miezi mitatu akaguliwe, huenda kuna uzi au kovu linalovuta.

#21 bint_Maweni

Nimerudi. Mama mkwe kasoma uzi wote kwenye simu yangu, kasema "huyu nesi ana adabu" 😂. Kakubali nisiende kuzalia Marafa. Swali moja tu: baada ya kushonwa nikandwe au nisikandwe? Hapa nyumbani sufuria lishaandaliwa. Na tende?

#22 Mkunga_Amu

Msalimie sana, mwambie namshukuru. Mgongo, miguu na mabega wakukande watakavyo, maji ya kustahimilika. Tumbo wakupitishie mkono taratibu tu, na kama umepasuliwa wasiliguse. Kidonda chenyewe kisikandwe, kisifukizwe, kisitiwe dettol, jivu wala majani. Keti kwenye beseni la maji safi ya uvuguvugu dakika kumi, mara mbili tatu kwa siku, jikaushe kwa kupapasa, badilisha pedi mara kwa mara. Chumvi si lazima. Kunywa maji, kula papai na mboga choo kiwe laini. Ukiwa na daraja la tatu au la nne utapewa dawa ya kulainisha choo na ya kuzuia maambukizi, zimalize zote. Homa, harufu mbaya, usaha, au kidonda kuachia: rudi siku hiyo hiyo.

Tende kula, kuna tafiti ndogo zinazozisifia kwa wiki za mwisho, na Bi Maryam, mama wa Nabii Isa, alikula. Ila kama una sukari ya mimba niambie kwanza.

#23 bint_Maweni

Sukari ya mimba ndiyo ipi tena?? Kliniki walinipima mkojo wakasema kuna kitu watarudia.

#24 Mkunga_Amu

Kesho asubuhi, kabla ya chai, urudi ukapimwe damu. Sukari isipodhibitiwa mtoto huwa mkubwa, na mtoto mkubwa ndiye anayekwama na kuchana, kama tunavyozungumza tangu post ya kwanza. Tende ziweke kando mpaka upate majibu. Naingia zamu, niandikie ukitoka huko.